Murgatroyd na Bonde Lake: Namna ya Kufuatilia Jina Adimu la Ukoo la Kiingereza

Ukipewa jina la Smith na kuambiwa utafute asili yake, umepewa kazi isiyoisha. Smith maana yake ni mhunzi; wahunzi walikuwepo kila kijiji cha England, na kila mmoja aliweza kuwaachia watoto wake jina hilo bila kuwa na undugu wowote na mhunzi wa kijiji cha pili. Jina adimu ni habari nyingine. Likiwa limeanzia kwa mtu mmoja, mahali pamoja, karne sita au saba zilizopita, basi wengi wa wanaolibeba leo, wawe Leeds, Toronto au Nairobi, wanarudi kwenye shamba lile lile. Kwa hiyo usivunjike moyo ukikuta jina unalolifuatilia halimo kwenye orodha za majina mashuhuri. Uchache wake ndio utakaokusaidia.

Mwongozo huu ni wa yeyote mwenye sababu ya kufanya kazi hii: aliyeoa au kuolewa Uingereza na anataka kuwaandikia watoto habari za upande wa pili, mjukuu wa mlowezi, mwanafunzi wa historia, au mtu aliyekuta jina la Kiingereza kwenye cheti cha ubatizo cha babu yake na hajui lilifikaje pale. Nitatumia jina moja la mfano, Murgatroyd. Ni jina la Yorkshire, kaskazini mwa England, na historia yake inaonyesha karibu kila kitu utakachokutana nacho.

Anza na ramani

Watu wengi huanza kwa kuuliza jina lina maana gani. Swali ni zuri ila wakati wake haujafika. Jina moja laweza kuwa na maana moja katika kaunti hii na nyingine katika kaunti ile, na kamusi haitakuambia ukoo wako ni wa wapi. Kabla ya kufungua kamusi yoyote, tafuta wenye jina hilo walikuwa wakiishi wapi mwaka 1881.

Sensa ya mwaka huo imenakiliwa yote, jina kwa jina, na watu waliojitolea, na inasomeka bure kwenye tovuti ya FamilySearch. Faida yake nyingine ni wakati ilipochukuliwa. Reli ilikuwa imeshaanza kuwatawanya watu, lakini wengi bado walikaa karibu na walikozaliwa babu zao. Steve Archer ametengeneza programu ya kompyuta iitwayo Surname Atlas inayochora ramani ya jina lolote kutoka kwenye sensa hiyo. Watafiti wa chuo kikuu cha UCL, London, nao waliwahi kuweka kwenye intaneti ramani za majina zinazolinganisha 1881 na mwaka 1998, na kwa kuzitazama mbili hizo unaona jina lilivyohama katika karne moja.

Usihesabu vichwa tu. Tuseme jina lina watu 60 London na 40 katika wilaya moja ya Yorkshire yenye wakazi laki moja. Kwa idadi tupu utadhani ni jina la London. Lakini London ya 1881 ilikuwa na watu karibu milioni 3.8, kwa hiyo wenye jina hilo ni kama 16 kwa kila milioni, na kule Yorkshire ni 400 kwa kila milioni. London ilivuta watu kutoka kila pembe, na karibu kila jina lina wawakilishi wake pale. Gawanya idadi ya wenye jina kwa idadi ya wakazi, uzidishe kwa milioni, ndipo ulinganishe eneo na eneo.

Kwa Murgatroyd hutahitaji hesabu nyingi. Jina limejazana West Riding ya Yorkshire, katika miji ya Halifax, Bradford na Keighley pamoja na vijiji vilivyo kati yake, kisha linavuka milima ya Pennines kidogo kuingia Lancashire. Kusini mwa England ni la kuokoteza. Ramani yenye doa moja zito linalofifia kadiri unavyokwenda mbali ni dalili ya jina lenye chimbuko moja. Ukiona madoa mawili au matatu mazito yaliyoachana, huenda jina lilizaliwa zaidi ya mara moja, na itabidi ulifuatilie kila doa peke yake.

Mwisho wa jina pia huashiria mahali. Majina yanayoishia na -royd, kama Ackroyd, Holroyd, Boothroyd na Learoyd, ni ya West Riding, na hasa bonde la mto Calder. Yanayoishia na -thwaite ni ya kaskazini, walikoishi walowezi kutoka Skandinavia. Yanayoanza na Tre-, Pol- au Pen- mara nyingi ni ya Cornwall, kusini magharibi kabisa. Hii ni njia ya haraka tu. Ramani ndiyo ya kuamini pale mambo hayo mawili yanapopingana.

Kisha maana, na tarehe yake

Sasa fungua kamusi. Iliyo bora kwa leo ni The Oxford Dictionary of Family Names in Britain and Ireland ya mwaka 2016, iliyohaririwa na Patrick Hanks, Richard Coates na Peter McClure. Ina majina zaidi ya 45,000, na chini ya kila jina utakuta idadi ya waliolibeba 1881, idadi ya miaka ya karibuni, na mifano ya kale yenye tarehe na mahali. Mifano hiyo ndiyo yenye thamani kuliko vyote. Maelezo ya maana yasiyo na hati ya kale nyuma yake ni kubahatisha, hata yakiwa yamechapwa kwenye kitabu kinene.

Murgatroyd lina vipande vitatu: nyika ya juu milimani, njia, na mahali palipofyekwa msituni. Kwa pamoja ni shamba lililofyekwa kwenye njia iendayo nyikani. Kipande cha katikati kimewapoteza wengi, kwa kuwa kwa Kiingereza cha leo kinataja lango, ilhali kaskazini mwa England neno hilo lililetwa na watu wa Skandinavia nalo lilitaja njia. Asiyejua lahaja ya mahali hutafuta lango ambalo halikuwepo. George Redmonds, mwanahistoria aliyechunguza majina ya Yorkshire kwa miongo mingi, alilitetea jambo hili katika kitabu chake cha 1997, Surnames and Genealogy: jina lisomwe ndani ya wilaya yake na ndani ya ukoo wake, maana neno peke yake halitoshi.

Jina hili lina bahati ya kuwa na mwaka. Mnamo 1371, katika kitongoji cha Warley magharibi mwa Halifax, mtu aliyeandikwa kama John wa Morgateroyde aliteuliwa kuwa konstebo. Konstebo wa zama hizo hakuwa askari wa mshahara. Alikuwa mwanakijiji aliyepewa dhamana kwa muda ya kutunza amani, kusimamia makusanyo na kuwapeleka wakosaji mbele ya mahakama ya mwinyi. Kwa John, jina hilo lilikuwa bado ni anwani, yaani John yule anayekaa pale. Lakini mtu mwenye wadhifa huandikwa, na anayeandikwa mara kwa mara jina lake hushika. Wakati huo majina ya ukoo yalikuwa tayari yameshika kusini mwa England, ila kaskazini watu wengi wa kawaida walikuwa bado hawana jina linalorithiwa.

Angalia pia usichanganye mahali. Kuna Warley ya Essex na Warley iliyo karibu na Birmingham, na Halifax nyingine kubwa iko Kanada. Tovuti za ukoo zina tabia ya kukuchagulia mahali pasipo pake. Andika daima kitongoji, parokia na kaunti kwa pamoja.

Rudi nyuma kizazi kwa kizazi

Ukishajua 1371, kishawishi cha kuanzia huko na kushuka chini ni kikubwa. Usifanye hivyo. Anza na mtu aliye hai au aliyefariki karibuni, upande kizazi baada ya kizazi, na kila kizazi kiwe na hati yake. Anayeshuka kutoka juu hujikuta amejipachika kwa babu aliyempenda.

Uandikishaji wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo katika England na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837. Faharasa yake inatafutika bure kwenye FreeBMD, na ile ya ofisi yenyewe ya usajili huonyesha jina la ukoo ambalo mama alizaliwa nalo, kwenye vizazi tangu 1837. Kwa jina adimu hapa kuna jambo ambalo mwenye Smith hawezi hata kulifikiria: orodhesha wote. Nakili kila Murgatroyd aliyezaliwa, aliyeoa na aliyefariki katika wilaya ya Halifax kwa miaka ishirini, uwapange kwa familia. Ukishawaona wote mezani, utajua yupi ni wako kwa kuwaondoa wengine mmoja mmoja.

Cheti cha ndoa ndicho hati yenye maneno mengi kuliko zote, kwa hiyo kisome taratibu. Chukua cha mwaka 1850. Kuna mistari miwili, wa bwana harusi na wa bibi harusi, na kila mmoja una tarehe, jina, umri, hali ya ndoa, kazi, makazi, jina la baba na kazi ya baba. Kwenye umri mara nyingi hukuti namba, bali maneno ya kusema ni mtu mzima, yaani amefikisha miaka 21, au amedai hivyo. Makazi yakiwa ya anwani moja kwa wote wawili, usikimbilie kusema walikuwa wakiishi pamoja, maana wengi walitoa anwani moja ili ndoa itangazwe parokia moja tu. Nafasi ya baba ikiachwa tupu kwa upande mmoja, huenda mhusika alizaliwa nje ya ndoa, na hapo jina la ukoo unalolifuatilia limepitia kwa mama. Chini kuna sahihi au alama ya msalaba kwa asiyejua kuandika, kisha mashahidi. Waandike mashahidi wote, kwa kuwa mara nyingi ni dada, shemeji au jirani, na miaka kumi baadaye utawakuta kwenye sensa mlango wa pili. Jina la mama halimo kabisa. Fomu hiyo ilibaki hivyo hadi tarehe 4 Mei 2021, ndipo akina mama wakaingizwa.

Sensa ilifanywa kila baada ya miaka kumi kuanzia 1801, ila ya kwanza yenye faida ya majina nchi nzima ni ya 1841. Hiyo ya 1841 ina kasoro mbili: umri wa watu wazima ulishushwa hadi namba ya tano iliyo karibu, kwa hiyo wa miaka 39 aliandikwa 35, na mahali pa kuzaliwa ni kusema tu kama ni ndani ya kaunti ile au la. Kuanzia 1851 unapata parokia ya kuzaliwa na uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya. Mzee aliyehesabiwa 1851 akiwa na miaka 80 alizaliwa karibu 1771, kwa hiyo ukurasa mmoja unakuvusha hadi ndani ya karne ya 18. Ya 1921 ilifunguliwa kwa umma Januari 2022. Ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, ndiyo sababu watafiti huikimbilia Rejista ya 1939, iliyoandikwa tarehe 29 Septemba mwaka huo.

Kabla ya 1837 unaingia kanisani. Rejista za parokia ziliamriwa na Thomas Cromwell, waziri wa mfalme, mwaka 1538, ingawa si zote zilizosalia tangu mwanzo. Halifax ilikuwa moja ya parokia kubwa kuliko zote England, na kwa sababu ya milima na umbali ilikuwa na makanisa madogo mengi. Mtu wa Warley aliweza kubatiza mtoto Luddenden, kuoa Halifax na kuzikwa kwingine. Usiseme hayumo mpaka umepita yote. Eneo hili pia lilijaa Wapuritani, na baadaye Wamethodisti na Wabaptisti. Rejista nyingi za makanisa hayo yaliyojitenga zilikusanywa na serikali kuanzia mwaka 1837 na ziko Hifadhi ya Taifa, Kew.

Hapo utakutana na vikwazo vitatu. Cha kwanza ni tahajia. Karani aliandika alichosikia, kwa hiyo utakuta Murgatroid, Mergatroyd, Morgatroyd na nyingine nyingi, na unapotafuta kwenye kompyuta weka alama ya nyota badala ya irabu. Cha pili ni Kilatini: Johannes ni John, Jacobus ni James, Gulielmus ni William, na hati za mahakama ziliendelea kuandikwa Kilatini hadi 1733. Cha tatu ndicho kinachoharibu nasaba nyingi. Hadi 1752, mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi. Mtoto aliyebatizwa Februari 1700 kwa hesabu yao alibatizwa Februari 1701 kwa hesabu yetu. Ukilisahau hilo utamkuta mtoto amezaliwa kabla ya wazazi kuoana na utaanza kuwatungia habari.

Kabla ya rejista

Kwa koo nyingi za watu wa kawaida, safari huishia karibu mwaka 1538 au 1600. Bonde la Calder lina bahati. Lilikuwa chini ya himaya ya mwinyi wa Wakefield, na hati za mahakama yake zimehifadhiwa tangu 1274 hadi 1925, mojawapo ya mfululizo mrefu kabisa wa aina hiyo nchini. Ziko chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha Leeds, na mwaka 2011 ziliingizwa kwenye rejista ya Uingereza ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO. Kila shamba lilipobadili mikono, kila mfugo ulipoingia shamba la mwingine, kila mtu alipotozwa faini kwa kupika pombe kinyume na sheria, palikuwa na mstari. Sehemu yake imetafsiriwa na kuchapishwa kwa faharasa. Hapa ndipo mtu wa kawaida, asiye na cheo wala kasri, anapoonekana akidaiwa, akirithi na akigombana na jirani.

Pamoja na hizo kuna orodha za kodi ya kichwa za 1377, 1379 na 1381. Kwa Afrika Mashariki jina la kodi hiyo linawaudhi wazee hadi leo, na Waingereza nao waliichukia: ile ya 1381 iliwasha uasi mkubwa wa wakulima. Lakini mtoza kodi alihitaji majina. Orodha za West Riding za 1379 zimesalia vizuri, kijiji kwa kijiji, ambapo mume na mke wa kawaida walitozwa pensi 4. Carolyn Fenwick amechapisha orodha zilizosalia za England katika juzuu tatu. Ukikuta jina lako 1379 katika vijiji viwili vilivyopakana na kwingine kote halimo, umekaribia sana chimbuko.

Kwa nini wamebaki wachache

Kufikia hapo utajiuliza mbona jina lenye miaka zaidi ya 600 halijajaza nchi. Sababu ya kwanza ni tauni ya 1348 na 1349, iliyoua kati ya theluthi na nusu ya watu wa England na ikarudi tena na tena. Majina mengi yaliyokuwa machanga yalizikwa pamoja na wenyewe. Sababu ya pili ni bahati. Jina hupita kwa wana wa kiume, na mwenye mabinti watupu jina lake linakoma hata kama ana wajukuu 30. Francis Galton na Henry William Watson walilifanyia hesabu jambo hili mwaka 1874, wakaonyesha kwamba jina linaloanza na mtu mmoja liko katika hatari kubwa ya kutoweka hata pale ambapo idadi ya watu kwa jumla haipungui. Yaliyosalia ni yale yaliyopata kizazi kimoja au viwili vyenye wana wengi mapema.

Kwa nini hawakuhama? Jibu ni sufi. Ardhi ya milimani huko Halifax ni duni kwa nafaka, lakini familia yenye ekari chache, ng'ombe wawili na kitanda cha mfumi iliweza kuishi. Walisokota na kufuma nyumbani, wakapeleka jora sokoni Halifax. Kijana hakulazimika kuondoka kutafuta kibarua, na ukoo ukabaki palepale karne baada ya karne. Wengine walitajirika. James Murgatroyd, mfanyabiashara wa nguo kutoka Halifax, alijenga East Riddlesden Hall karibu na Keighley mwaka 1642, nyumba ya mawe ambayo leo iko chini ya National Trust na unaweza kuitembelea. Viwanda vya mvuke vya karne ya 19 ndivyo vilivyowasogeza Bradford na Keighley, kisha meli zikawapeleka Marekani, Kanada, Australia na New Zealand.

Usivutwe na Murgatroyd wa kubuni. Jina hili lilitumika katika opera ya kuchekesha ya Gilbert na Sullivan iitwayo Ruddigore, ya mwaka 1887, na baadaye likawa kinywani mwa simba wa katuni Snagglepuss. Ukilitafuta kwenye intaneti, hao ndio watakaotangulia. Mabaroneti wa opera hawakuwahi kuishi, na nasaba inayowataja ifungwe mara moja.

Vinasaba vinaweza kusema nini

Kromosomu Y hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, kama jina la ukoo la Kiingereza linavyopita, kwa hiyo vyaweza kulinganishwa. Mwaka 2000 Bryan Sykes na Catherine Irven walichapisha utafiti wa wanaume 48 wenye jina la Sykes, nao karibu nusu walikuwa na aina moja ya kromosomu. Mwaka 2009 Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walipima wanaume 1,678 wenye majina 40. Matokeo yao ndiyo yanayompa moyo mwenye jina adimu. Wenye jina la Smith hawakuwa na undugu zaidi ya watu waliookotwa mtaani, lakini kwenye majina adimu kama Attenborough na Swindlehurst zaidi ya asilimia 70 ya wanaume walishiriki aina moja au zinazokaribiana sana.

Kipimo hakitakuambia babu alikuwa nani wala aliishi wapi. Kinasema tu kama wanaume wawili wenye jina moja wana babu mmoja wa kiume. Usikifanye peke yako: tafuta mwenye jina hilo kutoka tawi lingine lililoachana na lako zamani, mpimwe pamoja. Na uwe tayari kwa jibu usilolitarajia. Mwaka 2007 kikundi hicho cha Leicester kilieleza habari za mwanaume wa Kiingereza asiyejua kuwa ana asili yoyote ya Afrika, aliyekutwa na kromosomu ya aina ambayo hadi hapo ilikuwa ikipatikana kwa watu wa Afrika Magharibi. Jina lake lilikuwa adimu, la Yorkshire. Walipowapima wengine wa jina hilo, 7 kati ya 18 walikuwa nayo. Mwafrika aliingia kwenye ukoo ule wakati ambao hakuna aliye hai anayeukumbuka, na kilichowezesha kumwona ni uadimu wa jina.

Jina lisilokuja kwa damu

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, sehemu hii ndiyo muhimu kuliko zote. Jina la Kiingereza kwenye ukoo wako si lazima likupeleke England.

Mtazame Jacob Wainwright. Jina hilo la ukoo ni la fundi wa kutengeneza magari ya kukokotwa na farasi, na wapo wengi England. Jacob alikuwa Myao. Alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa na meli ya Waingereza, akapelekwa shule ya wamisionari Nasik, India, ambako alibatizwa na kupewa jina. Alikuwa miongoni mwa waliouleta mwili wa David Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo hadi pwani, akasafiri nao hadi London, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa mmoja wa walioubeba ndani ya Westminster Abbey. Alifariki Urambo mwaka 1892. Mwenzake kutoka shule hiyo hiyo, Matthew Wellington, aliishi Mombasa hadi 1935. Ukitafuta fundi wa magari England kwa ajili ya Wainwright huyu, au mji uitwao Wellington kwa ajili ya yule, utapoteza miaka.

Kwa hiyo ukikuta jina la Kiingereza kwenye ukoo wa pwani, uliza kwanza nani alilitoa na kwa ibada gani. Koo nyingi za Freretown, kijiji kilichoanzishwa na Church Missionary Society karibu na Mombasa kwa ajili ya watumwa walioachwa huru kuanzia 1875, zilipata majina kwa njia ya ubatizo. Hati za shirika hilo ziko Chuo Kikuu cha Birmingham. Humo unatafuta jina la mmisionari, la mfadhili, au la mtu aliyeheshimiwa wakati ule, na huyo ndiye chimbuko la jina. Chimbuko la mtu ni safari nyingine, inayoelekea Malawi, Msumbiji au kusini mwa Tanzania.

Hata England kwenyewe jina halifuati damu kila mara. Mtoto wa nje ya ndoa alichukua la mama. Mtoto wa kambo aliweza kuchukua la baba mlezi bila karatasi yoyote, kwa kuwa sheria ya kuasili watoto ilianza kutumika Januari 1927 tu. Ukoo ukikatika ghafla kwenye rejista, tafuta ndoa ya pili ya mjane kabla ya kukata tamaa.

Pesa zako, na barua yako ya kwanza

Kuna wafanyabiashara wanaouza nembo ya ukoo kwa kila jina, imechapwa kwenye ubao au kikombe. Usinunue. Katika England nembo hupewa mtu na wazao wake, si kila mwenye jina lake, na wanaosimamia jambo hilo ni College of Arms, iliyoanzishwa 1484. Nembo ya Murgatroyd mmoja tajiri wa karne ya 17 haikuwa ya mfumaji wa Warley aliyekuwa na jina lile lile, na si ya mjukuu wake pia.

Pesa hiyo inunue cheti cha ndoa, au mwezi mmoja wa Ancestry, ambako picha za rejista za parokia za West Yorkshire zimewekwa. Kisha uliza Guild of One-Name Studies, chama cha watafiti kilichoanzishwa 1979, kama kuna mwanachama aliyekwisha sajili jina lako. Wanachama hao hukusanya kila tukio la jina moja duniani kote, na wengi hujibu barua za wageni kwa furaha.

Ukifika mahali pa kuandikia hifadhi ya kaunti, kwa mfano West Yorkshire Archive Service kwenye ofisi yake ya Halifax, andika barua fupi. Taja mtu mmoja, tukio moja, kitongoji, na kipindi kisichozidi miaka kumi, ueleze ni rejista zipi umekwisha zipitia na hukumkuta. Uliza ni kanisa lipi dogo lililohudumia kitongoji hicho mwaka ule. Mtunza hifadhi anayeulizwa swali la namna hiyo anaweza kulijibu siku hiyo hiyo.